Vinasaba vya Virusi Vilivyofichua Chanzo cha Ebola Nchini Guinea

Tarehe 14 Februari 2021, Serikali ya Guinea ilitangaza mlipuko wa Ebola katika eneo la Nzérékoré, takriban miaka mitano baada ya kumalizika kwa janga lililoua zaidi ya watu 11,300 Afrika Magharibi. Wengi walidhani kuwa virusi vimeingia upya kwa binadamu kutoka kwa wanyama wa porini, kama ilivyozoeleka.

Maabara zilitoa jibu tofauti. Vinasaba vya Ebola vina takriban herufi 19,000, na virusi vinapozaliana hutokea makosa madogo ya kunakili. Ugonjwa unaposambaa kutoka mtu hadi mtu, makosa hayo hujilimbikiza kwa kasi inayokadirika, yapata 20 kwa mwaka. Programu za kompyuta hulinganisha sampuli, huhesabu tofauti zake na kuchora nasaba ya virusi: vipi vimetokana na vipi, na viliachana lini.

Kwa kasi hiyo, virusi vya mwaka 2021 vilitarajiwa kutofautiana na vile vya mwaka 2014 kwa herufi zaidi ya 100. Zilionekana kumi na kidogo tu. Vingekuwa vimesambaa kimyakimya miaka yote hiyo, au vimetoka upya porini, tofauti zingekuwa nyingi zaidi. Maelezo yaliyobaki ni kwamba virusi vilikuwa vimejificha katika mwili wa mtu aliyepona, karibu bila kuzaliana. Ni wachache waliotarajia muda mrefu kiasi hicho. Mwezi huohuo, mlipuko wa Butembo, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nao ulihusishwa na janga lililokwisha mwaka 2020.

Matokeo hayo yalihitaji kutangazwa kwa uangalifu. Virusi vinaweza kubaki katika macho, mfumo wa fahamu na shahawa, lakini maambukizi ya namna hii ni nadra, na aliyepona haambukizi kwa kusalimiana au kula pamoja na wenzake. Vinasaba havitaji jina la mtu. Mnyororo wa maambukizi hukamilishwa kwa mahojiano, na manusura anayetengwa na jamii hana sababu ya kujieleza kwa mhudumu wa afya.

Shirika la Afya Duniani linashauri wanaume waliopona wapimwe shahawa mara kwa mara, wapewe ushauri nasaha na kondomu, hadi vipimo viwili vioneshe kuwa hawana virusi. Mlipuko wa Guinea ulitangazwa kumalizika tarehe 19 Juni 2021, baada ya wagonjwa 23 na vifo 12.