Kuoanisha impidansi: hatua inayoamua kama nguvu ya mtambo wa redio itafika kwenye antena

Mtambo wa FM unaweza kuwa na transista madhubuti, mnara mrefu na kilima kinachotazama nchi mbili, na bado matangazo yake yasiwafikie wasikilizaji walio mbali. Sababu mojawapo haionekani kwa macho: kikuza nguvu, kebo na antena havikuoanishwa kwa impidansi. Nguvu inayopaswa kwenda hewani hubaki mtamboni ikawa joto, na joto hilo huweza kuunguza transista na kukinyamazisha kituo.

Impidansi ni nini

Impidansi ni kipimo cha jinsi saketi inavyouzuia mkondo wa umeme unaobadili mwelekeo. Hupimwa kwa omu, na ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ukinzani, ambao huchukua nishati moja kwa moja na kuigeuza kuwa joto au, kwa upande wa antena, kuwa mawimbi ya redio. Ya pili ni reaktansi, inayotokana na koili na kapasita: hiyo huipokea nishati kwa muda mfupi sana, kisha huirudisha.

Mitambo mingi ya kurushia matangazo hujengwa ili ifanye kazi na kebo na antena za omu 50. Kiwango hicho kilitokana na maafikiano. Kebo ya mviringo yenye hewa ndani yake hupoteza nishati kidogo zaidi inapokuwa na takriban omu 77, lakini huweza kubeba nguvu kubwa zaidi inapokuwa na takriban omu 30. Omu 50 ziko kati ya mahitaji hayo mawili.

Kwa nini transista haiungwi moja kwa moja

Tuchukue mfano wa kikuza nguvu cha wati 300 kinachotumia umeme wa volti 50. Kilele cha mawimbi ya volti kwenye transista hakiwezi kuzidi sana volti hizo 50. Nguvu inayopatikana ni mraba wa volti hizo ukigawanywa kwa mara mbili ya ukinzani wa mzigo. Mzigo ukiwa omu 50, jibu ni wati 25 tu, hata kama transista ina uwezo mkubwa kiasi gani. Ili wati 300 zipatikane, transista inapaswa kuuona mzigo wa takriban omu 4.2.

Antena haiwezi kubadilishwa iwe ya omu 4.2. Kwa hiyo, kati ya transista na kebo huwekwa saketi ya kuoanisha, ambayo kazi yake ni kuzigeuza omu 50 za kebo zionekane na transista kama omu 4.2, bila kuila nguvu inayopita.

Saketi iliyo rahisi kuliko zote ina vipande viwili: koili iliyo kwenye njia ya mkondo, na kapasita inayounganisha upande wa kebo na ardhi ya saketi. Kwa mfano huu, katika masafa ya megahezi 100, hesabu hutoa koili ya nanohenri 22 na kapasita ya pikofaradi 105 hivi. Koili ya kiasi hicho ni mizunguko michache tu ya waya mnene. Ndiyo maana fundi akiuvuta mzunguko mmoja kidogo kwa kidole, au akibadilisha kapasita kwa nyingine isiyo ya kiwango kile kile, nguvu ya mtambo hubadilika papo hapo.

Saketi hiyo ina kasoro yake: huoanisha vizuri katika masafa finyu. Afrika na Ulaya ziko katika Kanda ya Kwanza ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu (ITU), ambako matangazo ya FM hutumia megahezi 87.5 hadi 108. Mtambo unaotakiwa kufanya kazi popote ndani ya bendi hiyo huoanishwa kwa hatua mbili au zaidi: kutoka omu 4.2 hadi takriban 14, kisha kutoka 14 hadi 50. Wabunifu wengine hutumia transfoma zilizotengenezwa kwa vipande vya kebo, ambazo hugeuza impidansi kwa uwiano wa 4 kwa 1 au 9 kwa 1.

Kanuni inayoeleweka vibaya

Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba nguvu kubwa zaidi hupatikana pale ukinzani wa mzigo unapolingana na ule wa chanzo. Kanuni hiyo inahusishwa na Moritz von Jacobi, mwanafizikia aliyefanya kazi nchini Urusi katika karne ya 19. Ni ya kweli kwa chanzo kisicho na mipaka ya volti na mkondo. Transista ina mipaka hiyo. Katika kikuza nguvu, kwa hiyo, mzigo huchaguliwa ili mipaka ya volti na ya mkondo ifikiwe kwa pamoja. Mwaka 1983 mhandisi Steve Cripps alionyesha jinsi hesabu hiyo nyepesi inavyoweza kutabiri matokeo ambayo awali yalihitaji vipimo vingi vya maabara.

Chombo kingine kinachotumika hadi leo ni chati ya Smith. Phillip Smith, mhandisi wa maabara za Bell nchini Marekani, aliichapisha mwaka 1939. Ni mchoro wa duara unaomwezesha mbunifu kuona jinsi kila koili, kapasita au kipande cha kebo kinavyoisogeza impidansi kuelekea katikati, mahali palipo na uoanifu kamili.

Uoanifu ukivunjika

Maji yakiingia ndani ya kebo, kiungo kikilegea au radi ikiipiga antena, impidansi hubadilika na sehemu ya nguvu huakisiwa kurudi mtamboni. Uwiano wa mawimbi yaliyosimama, ambao wahandisi huuita SWR, huonyesha ukubwa wa tatizo. Uwiano wa 1.5 humaanisha asilimia 4 ya nguvu inarudi. Uwiano wa 2, asilimia 11. Uwiano wa 3, asilimia 25.

Nguvu inayorudi huubadilisha mzigo unaoonwa na transista. Volti au mkondo hupanda, na joto huongezeka. Mitambo ya kisasa ina kinga inayopima nguvu hiyo na kupunguza utoaji wenyewe. Mtambo wa wati 1,000 ukijipunguza hadi wati 250, nguvu ya uga wa mawimbi mahali alipo msikilizaji hupungua kwa nusu. Aliye karibu na mnara huenda asihisi chochote. Aliye ukingoni mwa eneo la usikivu, pengine ng'ambo ya mpaka, ambako matangazo ya lugha yake ni machache, hubaki na mikwaruzo.

Jinsi ya kutafuta chanzo

Hatua ya kwanza ni kusoma kipimo cha nguvu inayorudi, na kukilinganisha na kilichoandikwa siku mtambo ulipofungwa. Kisha mtambo huzimwa, kebo ya antena huondolewa mtamboni na mahali pake huwekwa mzigo bandia wa omu 50 unaoweza kuhimili nguvu ya mtambo. Mtambo ukiwashwa kwa nguvu ndogo na nguvu inayorudi ikatoweka, kasoro iko kwenye kebo au antena. Utoaji ukibaki hafifu hata kwa mzigo huo, kikuza nguvu na saketi yake ya kuoanisha ndivyo vya kuchunguzwa.

Kuizima kinga ili kituo kiendelee kusikika si tiba. Hupata saa chache za matangazo, na baada ya hapo gharama yake huwa transista mpya na siku za ukimya.