Tegemeo, si tegemezi

Kijana wa Bwejuu, Zanzibar, akitaka kusakinisha ffmpeg, programu ya kukata na kugeuza video, kwenye kompyuta yenye mfumo endeshi wa Ubuntu, huandika mstari mmoja tu: sudo apt install ffmpeg. Mara nyingi kazi huishia hapo. Lakini ipo siku kompyuta hugoma na kujibu kuwa ffmpeg inahitaji libavcodec, na libavcodec haitasakinishwa.

Hiyo libavcodec si programu ya kufungua na kuchezea. Ni maktaba ya msimbo ambayo ffmpeg huitumia kila inaposoma au kuandika video. Isipokuwepo, ffmpeg haiwaki. Kwa Kiingereza kitu cha namna hii huitwa dependency, na tafsiri inayokuja upesi mdomoni ni tegemezi.

Tafsiri hiyo inageuza mambo juu chini. Kwenye fomu za bima ya afya, wategemezi ni watu kama mwenza na watoto, yaani wale wanaomtegemea mwanachama. Katika mfano wetu, inayotegemea ni ffmpeg. Libavcodec ndiyo inayotegemewa. Kiswahili kina neno lake kwa kinachotegemewa: tegemeo. Uhusiano baina ya viwili hivyo ndio utegemezi.

Wakulima wa mwani wa Bwejuu wanaujua mpangilio huu vizuri. Maji yakishakupwa, vigingi hupigwa mchangani, kamba hufungwa kwenye vigingi, na mbegu hufungwa kwenye kamba. Kigingi ni tegemeo la kamba, na kamba ni tegemeo la mbegu.

Anayelielewa hilo huacha kuikazania ffmpeg na kutafuta kilichokosekana. Huanza na sudo apt update, ili orodha ya vifurushi vya programu iwe mpya. Hitilafu ikibaki, sudo apt --fix-broken install hujaribu kuyaleta mategemeo yaliyopungua.

Bando likikatika wakati wa kupakua, hakuna kilichoharibika. Kwa kawaida apt, chombo cha Ubuntu cha kusakinisha programu, hupakua vifurushi vyote kwanza ndipo ianze kuvifungua, na vilivyokwisha kufika hubaki kwenye diski. Amri ikirudiwa, kazi huendelea pale ilipokatikia. Umeme ukizimika katikati ya usakinishaji ndiyo shida nyingine: kifurushi huweza kubaki kikiwa kimesakinishwa nusu, na dawa yake ni sudo dpkg --configure -a.

Kufasiri istilahi za kompyuta si jambo jipya: mwaka 2004 mradi wa KiLinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kazi ile iliziweka istilahi hizo mbele ya mtumiaji, kwenye skrini yenyewe. Basi wanaofasiri programu leo, pamoja na mabaraza ya Kiswahili, BAKIZA na BAKITA, waandike tegemeo kwa kinachotegemewa, ili anayesoma ujumbe wa hitilafu ajue mara moja atafute nini.