Gemu ya GTA VI na hesabu ya vibanda vya Kisumu

NI michezo michache ya video iliyowahi kusubiriwa kwa hamu kama Grand Theft Auto VI. Kampuni ya Rockstar Games ya Marekani ilitoa video yake ya kwanza ya matangazo usiku wa kuamkia Desemba 5, 2023, saa za Afrika Mashariki, na katika saa 24 za mwanzo ilitazamwa zaidi ya mara milioni 90 kwenye YouTube. Mchezo ulitarajiwa kutoka mwaka wa 2025. Mei 2, 2025 kampuni ikatangaza kwamba ungetoka Mei 26, 2026, kisha mnamo Novemba 6, 2025 ikausogeza tena hadi Novemba 19, 2026.

Sababu ya shauku hiyo si ngeni kwa vijana wa Kondele, Manyatta na Nyalenda mjini Kisumu. Toleo la San Andreas lilipotoka Oktoba 2004 kwa mashine ya PlayStation 2, lilienea mitaani kwa diski za kunakiliwa, na wengi waliokuwa shuleni miaka hiyo wanakumbuka madaftari ya hesabu yaliyojaa orodha za vitufe vya kubonyeza ili kupata silaha au fedha za bwerere. Toleo la tano, la Septemba 2013, limeuza zaidi ya nakala milioni 200 duniani. Kijana aliyelianza akiwa darasa la nane leo ni mtu mzima mwenye watoto.

Hata hivyo, kusubiri mchezo ni jambo moja na kuupata ni jingine. Wengi hapa hawamiliki mashine, bali huchezea katika vibanda vya gemu: chumba kimoja, televisheni kadhaa, mabenchi, na mwenye kibanda akichunga saa na mita ya umeme. Riziki ya kibanda hicho ni kandanda. Mechi huchukua dakika chache, huchezwa na wawili kwa padi mbili, na aghalabu aliyeshindwa ndiye alipaye kisha humpisha mwingine aliyeketi benchini. Watu huendelea kuuita mchezo huo FIFA, ingawa tangu Septemba 2023 unauzwa kwa jina la EA Sports FC baada ya mkataba wa EA na shirikisho hilo kuisha. Katika enzi za Victor Wanyama kule Tottenham, mtu aliweza hata kumchezesha Mkenya katikati ya uwanja.

Hadithi ya GTA, kwa upande mwingine, huchezwa na mtu mmoja. Kibandani huuzwa kwa muda, na kwa muda huo wote wenzake hutazama tu bila kutoa hata sarafu. Ndiyo maana mwenye kibanda anaweza kuupenda mchezo huu kuliko wateja wake, lakini akauwekea televisheni moja tu, tena ile ya pembeni.

Kuna kizingiti kikubwa zaidi, nacho ni mashine. Kandanda imekuwa na subira kwa wenye mashine kuukuu: FIFA 14 iliwafikia wenye PlayStation 2 mwaka wa 2013, FIFA 19 ikawafikia wenye PlayStation 3 mwaka wa 2018, na FC 26 ya Septemba 2025 bado ilitolewa kwa PlayStation 4. GTA V nayo ilianzia kwenye PlayStation 3, mashine iliyokuwa sokoni tangu 2006. Safari hii Rockstar ilitangaza PlayStation 5 na Xbox Series X na S pekee. Kibanda chenye PlayStation 4 nne hakitafaidi chochote siku hiyo, na kununua mashine mpya kwa ajili ya mchezo wa mtu mmoja ni hesabu ngumu kuitetea mbele ya mwenye nyumba anayedai kodi.

Katika vituo vya ufuoni kama Usenge na Mbita, ambako fedha hufuata samaki, tarehe yenyewe ina uzito. Uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai. Mei 26 ingeangukia katikati ya miezi hiyo ya mifuko mitupu, hivyo huenda kuahirishwa huku, kulikowaudhi wengi duniani, kukawafaa wavuvi vijana bila Rockstar kujua. Wazazi wataliona jambo hilo kwa jicho jingine. Novemba ni mwezi ambao watahiniwa wa KCSE huwa chumbani mwa mtihani, huku wanafunzi wengine wakiwa wameshafunga shule na hawana kazi mchana kutwa. GTA V ilipewa alama ya umri wa miaka 18 barani Ulaya, alama ambayo mlangoni mwa kibanda haiulizwi.