Kadi ya Diski Mpakani

Wakala wa forodha wa Busia au Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ana mzigo mmoja usiopanda lori: karatasi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inamtaka aweze kutoa nyaraka za shehena hata miaka 5 baada ya mzigo kuingia, na mkaguzi akija haulizi kama panya walipita. Zamani zilikuwa fomu za C63 zilizojazwa kwa kaboni, zikafungwa kamba na kusukumwa kabatini. Mwaka 2005 KRA ikaleta mfumo wa Simba, huku URA upande wa pili ikitumia ASYCUDA, na ofisi zenye wateja wa maana zikaanza kununua seva. Intaneti ilitoka kwenye dishi la setilaiti, ghali na ya kusuasua. Nyaya za chini ya bahari hazikufika Mombasa hadi 2009. Kwa hiyo nakala za kazi zilikaa humu humu mpakani, kwenye chumba cha nyuma, jirani na birika la chai.

Mimi ni fundi wa hizo seva. Niko Busia upande wa Kenya, na wateja wengine wako Malaba na Tororo. Wengi waliweka Linux kwa sababu haikudai leseni, na hapo ndipo habari ya kadi za RAID ilipoanza.

RAID yenyewe si ngeni. Mwaka 1988 Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliandika kwamba diski kadhaa za bei nafuu zikifanya kazi pamoja zinaweza kushinda moja ya bei kali, mradi data iandikwe kwa namna ya kustahimili kifo cha mojawapo. Kwa wakala maana yake ilikuwa fupi: diski ikifa Ijumaa jioni na malori yamepanga foleni, ofisi haifungwi. Lakini lazima awepo wa kugawa data kwenye hizo diski. Ni kadi, au ni Linux.

Mashine za mwanzo ziliunganishwa madukani, na boksi la ubao mama liliandikwa RAID kwa herufi nene. Mteja alilipia neno hilo. Ukiwasha, ukabonyeza vitufe, skrini inakwambia diski mbili zimekuwa moja. Ukiingiza CD ya Linux, inakuonyesha sda na sdb, diski mbili tofauti, kama hazijawahi kujuana. Chipu ile haikuwa ikifanya kazi yoyote ya maana. Mzigo wote ulibebwa na draiva ya Windows. Sisi mafundi tuliiita RAID ya uongo. Mzee mmoja wa Malaba alinisimamia begani akauliza, "Fundi, hizi ni mbili ama ni moja?" Nikamwambia, "Mbili, mzee. Ile moja uliuziwa kwa maneno."

Waliokuwa na pesa walitafuta kadi za 3ware. Hizo zilipendwa na watu wa Linux kwa sababu draiva yake ilikuwa ndani ya kerneli tayari. Unachomeka, inaonekana, basi. Ila 3ware iliuzwa kwa AMCC mwaka 2004, ikauzwa tena kwa LSI mwaka 2009, na kadi yako ikifa ukaenda kutafuta mwenzake Luthuli Avenue, Nairobi, muuzaji alikutazama kana kwamba umeulizia gari la Humber.

Zilizojaa kwetu kwa kweli ni mashine za ex-UK: Dell PowerEdge 2950 yenye kadi ya PERC, na HP ProLiant DL380 yenye Smart Array. Nzito, zinapiga kelele kama posho mill, lakini imara. Zilifanya kazi na Linux bila maneno. Udhaifu wake ulikuwa betri. PERC 5/i ina kumbukumbu ya muda ya megabaiti 256, na betri ndiyo huilinda stima ikipotea kabla data haijafika kwenye diski. Mashine iliyostaafishwa Uingereza hufika na betri iliyokwisha. Kadi ikigundua hivyo huacha kutumia kumbukumbu hiyo, na seva inakuwa nzito. Kuna mafundi walioilazimisha iendelee bila betri ili mteja afurahie kasi. Hapa, ambapo umeme wa bwawa la Owen Falls umepita Tororo kwenda Nairobi tangu 1958 na bado taa zinazimika, huo ni mchezo wa hatari.

Jambo la pili lilifichika zaidi. Kadi huandika kwenye diski mpangilio wake yenyewe. Diski zilizopangwa na Smart Array, ukizihamishia PERC, hazisomeki. Kwa hiyo swali la "kadi ipi inakubaliana na Linux" lilikuwa nusu tu ya swali. Nusu nyingine: ikiungua usiku, ya jamii yake iko wapi, na Nairobi ni zaidi ya kilomita 400?

Halafu kukubaliana kwenyewe hakukudumu. Mwaka 2019 ilitoka Red Hat Enterprise Linux 8, na CentOS 8 ikaifuata. Draiva za kadi nyingi za zamani zilikuwa zimeondolewa. Ukiandika amri ya lspci -nn kwenye ile Dell unaona 1028:0015, yaani PERC 5 ipo, haijafa, lakini programu ya kusakinisha inasema hakuna diski. Siwalaumu Red Hat, hakuna anayelipwa kutunza kadi ya 2006. Debian iliendelea kuzitambua, na wateja wengi nikawahamishia huko.

Kufikia hapo nilikuwa nimeshaegemea upande mwingine: programu ya mdadm, aliyoianzisha Neil Brown mwaka 2001. Linux yenyewe ndiyo inayogawa data. Mashine ikiungua, unatoa diski mbili, unazichomeka kwenye kompyuta yoyote yenye Linux, hata ya dukani kwa jirani, na C63 za mteja zinafunguka. Kwa ofisi ya watu sita hiyo inatosha kabisa, na anayebisha kwamba kadi ina kasi zaidi hajawahi kungojea kadi ije na basi la usiku.

Tarehe 24 Februari 2018 Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua kituo cha pamoja cha forodha hapa Busia. Mifumo imehamia kwenye mtandao, na seva za vyumba vya nyuma zimepungua. Zilizobaki ni ndogo, diski mbili na mdadm. Wateja wapya bado huja na picha ya kadi kwenye simu wakiulizia bei. Nawaomba kwanza namba za lspci, kisha nauliza nyaraka zao ni za mwaka gani.