Maganda ya ndizi yanaweza kusaidia kazi ya shimi: namna gani?

Katika inchi mingi za Afrika, watu wanajua hii kazi tangu zamani: unachoma maganda ya ndizi, unapitisha maji kwenye majivu, kisha yale maji makali unayachanganya na mafuta ya mawese. Inatoka sabuni. Nguvu inatoka kwa potasiamu, yenye iko mingi ndani ya maganda.

Ndani ya sabuni, ile nguvu inatumika na kuisha. Lakini watafiti wanatumia majivu hayo pia kwa kutengeneza biodizeli, ni kusema mafuta ya mimea yenye kufanya kazi sawa mazuti. Hapo majivu yanakuwa kichocheo. Kichocheo (kwenye masomo ya shimi wanaita katalizeri) kinaharakisha mabadiliko, lakini chenyewe hakiishi.

Shida ya soda kostiki

Viwanda vingi vinatumia soda kostiki. Inayeyuka ndani, tena haitoke kwa urahisi. Inabidi kuosha mafuta na maji mengi. Soda inapotea, na yale maji machafu hayafai kumwagwa mtoni.

Majivu yaliyochomwa tena kwenye tanuru kali yanabaki unga. Kazi ikiisha, wanachuja, wanasafisha, wanakausha, wanarudilia. Lakini potasiamu inatoka kidogo kidogo, na nguvu inapunguka.

Makala yenye asidi

Kuna njia ingine. Mwaka 2005, watafiti wa Japani walionyesha kwamba sukari iliyochomwa bila kuwa majivu, kisha ikapewa asidi ya salfuriki, inakuwa kichocheo kigumu. Wengine wamefuata kwa maganda ya mpunga na vigunzi vya mahindi.

Hii inatuhusu, juu mawese yaliyokaa sana yanakuwa na asidi. Ukiyatilia soda, unapata sabuni pahali pa biodizeli. Kichocheo cha makala kinavumilia mafuta ya namna hiyo.

Uangalifu

Usijaribu nyumbani. Asidi ya salfuriki inaunguza ngozi na macho. Methanoli, yenye kutumika kwa biodizeli, inashika moto haraka, na kuinywa kunaweza kupofusha ao kuua.

Tena, maganda si takataka kwa kila mtu: ni chakula cha mbuzi na mbolea ya shamba. Mutu akiwaletea mradi wa namna hii, mumuulize: kichocheo kinarudiliwa mara ngapi? Methanoli itatoka wapi? Na shamba litabaki na nini?