Msizi wa Amani: Mti Mgeni Katika Misitu ya Usambara

Atokaye Mkwaja kwenda kaskazini, akavuka Mto Pangani na kuishika njia ya Muheza, huanza kuiona milima ya Usambara Mashariki ikiwa imejitanda mawingu, na asiyeijua tarikhi yake hudhani kwamba kila mti uliosimama huko juu umekuwapo pale pale tangu azali. Dhana hiyo si sahihi. Mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilianzisha huko Amani chuo cha kuchungua mimea na kilimo, na wataalamu wake, wakiongozwa hapo awali na Franz Stuhlmann, wakakusanya kutoka Asia, Amerika, Australia na pande nyingi za Afrika mamia ya namna za miti: miti ya kwinini, mipira, mikaratusi, misaji, na mingineyo ambayo hadi leo imesimama katika bustani ile kwa adhama kubwa. Sikusudii kuibeza kazi hiyo, maana katika Vita Kuu ya Kwanza, wakati manowari za Waingereza zilipoifunga bahari yetu, jeshi la Wajerumani lilijitibu homa kwa kwinini iliyotoka Amani. Lakini bustani haina ukuta, na mbegu haiombi ruhusa.

Miongoni mwa miti iliyoletwa ulikuwamo msizi, uliofika mwaka 1913, ambao wataalamu huuita Maesopsis eminii kwa kumkumbuka Emin Pasha. La ajabu ni kwamba msizi haukuvuka bahari kuja kwetu. Asili yake ni Buganda, Bukoba, misitu ya Kongo na nchi za mbele yake hadi Afrika ya Magharibi, hata mtu aweza kuuliza kwa haki ni vipi mti wa Bukoba uitwe mgeni Muheza. Jawabu ni kwamba misitu ya Usambara ilitengana na misitu ya bara kwa dahari nyingi sana, ikazaa viumbe vyake yenyewe visivyopatikana mahali pengine duniani, na mti kama mtambara au msambu haukupata kamwe kushindana na jirani mwenye pupa ya kukua kama msizi.

Hata hivyo, kwa miaka mingi msizi haukuleta taabu kubwa. Taabu ilianza msitu ulipojeruhiwa. Baada ya uhuru msizi ulipandwa kwa wingi katika mashamba ya serikali huko Kwamkoro, na karibu wakati huo huo kiwanda cha Sikh Saw Mills cha Tanga, ambacho baadaye kilipata msaada wa Ufini, kilikuwa kikivuna magogo katika misitu ile kwa mashine nzito, zikifungua njia na kuacha mianya mikubwa iliyoingiza jua mahali ambapo jua halikuzoea kufika. Msizi hupenda jua. Matunda yake hupendwa mno na hondohondo, ndege yule mwenye mdomo mkubwa na mbawa zenye kishindo, naye huyameza na kuzitapika mbegu mbali na mti mama. Hivyo kila palipokatwa mvule au mtambara, haukupita muda ila msizi ukachipua. Uvunaji huo ulikomeshwa katika miaka ya 1980, na mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, ya kwanza ya aina yake nchini, nao msizi ukiwa umekwisha kujitwalia makao.

Wachunguzi wamehitilafiana juu yake. Pierre Binggeli, aliyeusoma mti huu kwa makini, alihofia kwamba utaumeza msitu. Wengine waliokuja baadaye waliona kwamba chini ya kivuli kizito miche ya msizi hudhoofu na miti ya asili huinuka. Mimi naona rai hizi mbili hazipingani kama zinavyodhaniwa, kwani zote zatuelekeza kwenye jeraha lenyewe.

Sisi wa Mkwaja tumelishuhudia jambo la namna hii katika ardhi yetu. Ranchi ya Mkwaja, iliyoanzishwa na kampuni ya Amboni katika miaka ya 1950, ilishindana na migunga iliyofyekwa ikarudi, ikafyekwa ikarudi, hata ranchi ikafungwa mwaka 2000 na ardhi yake ikaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Mgunga ni mwenyeji hapa, si mgeni. Ulistawi kwa namna ile ilivyokuwa ikichungwa nchi, na ng'ombe walipoondoka, sehemu kubwa ya vichaka vile ikakauka yenyewe pasipo kuguswa na panga.

Kwa hiyo apandaye Amani na shoka, akauangusha msizi mkubwa, atakuwa amefungua mwanya mwingine na kuialika miche mia. Kazi ifaayo ni ya mikono na subira: kung'oa miche na mizizi yake ingali laini, kuuvua gome kwa kuuzunguka ule mkubwa ili ufe taratibu ukiwa umesimama, na kuotesha mtambara na msambu chini yake. Huko Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, watu wa kujitolea hupanda milima na misumeno siku zao za mapumziko kukata misonobari ya kigeni inayoyanywa maji ya vijito, na mwaka 1995 serikali yao ikaanzisha mpango mkubwa wa kuwaajiri maskini kwa kazi hiyo hiyo. Amani nayo imekwisha kupokea watu wa kujitolea: katika miaka ya 1990 vijana kutoka Uingereza, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walizunguka misitu ya Usambara Mashariki wakiorodhesha miti na wanyama. Orodha ipo, mikono ndiyo iliyopungua.

Nasi tunao msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, tulioutumia kuchimba mifereji na kujenga shule, na maji ya Mto Zigi yanayonywewa Tanga mjini hutoka katika milima hiyo. Nawasihi walimu wa shule za Muheza na Pangani, na wakazi wa Tanga wanaofungua bomba kila asubuhi, wawaendee wasimamizi wa hifadhi, waombe idhini na mafunzo, kisha wapande Amani kung'oa miche ya msizi kabla mvua za masika hazijaizidisha.