Net-tools

Net-tools ni kifurushi cha programu za mtandao zinazotumika kwa mstari wa amri kwenye mfumo huria wa uendeshaji wa Linux. Ndani yake zimo amri za ifconfig, netstat, route na arp, pamoja na nyingine zisizojulikana sana kama mii-tool na nameif. Kwa miaka mingi kifurushi hiki kilikuja tayari katika karibu kila distro, yaani mkusanyo kamili wa Linux na programu zake. Siku hizi distro nyingi hazikiweki tena. Nafasi yake imechukuliwa na kifurushi cha iproute2, chenye amri za ip na ss.

Hata hivyo vitabu vingi na masomo ya video bado yanafundisha ifconfig. Ndiyo maana mtu anayeanza kujifunza Linux hukutana mapema na ujumbe "command not found", yaani amri haikupatikana. Kompyuta yake haina kasoro yoyote; ni somo ndilo lililopitwa na wakati.

Historia

Amri ya ifconfig ilionekana kwanza katika 4.2BSD, aina ya Unix iliyotolewa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983. Jina lake ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya usanidi wa kiolesura. Kiolesura hapa ni mahali ambapo kompyuta inaungana na mtandao, kwa mfano kadi ya waya au ya Wi-Fi. Desemba mwaka huohuo Mike Muuss, aliyefanya kazi katika maabara ya jeshi la Marekani jimboni Maryland, aliandika ping na kuipa jina la mlio wa sonar, chombo kinachopima umbali chini ya maji kwa kusikiliza mwangwi. Wengi hudhani ping ni sehemu ya net-tools, lakini katika Linux kwa kawaida hutoka katika kifurushi kingine kiitwacho iputils.

Linux ilipopata uwezo wa mtandao mwanzoni mwa miaka ya 1990, Fred van Kempen aliandika programu zilizokuja kuwa net-tools, akifuata mfano wa zile za BSD. Watunzaji wengine waliendeleza kazi hiyo hadi toleo la 1.60 la mwaka 2001. Baada ya hapo maendeleo yalizorota kwa miaka mingi. Wakati huohuo kerneli, yaani kiini cha Linux, ilikuwa imeshapata mfumo mpya wa mtandao katika toleo la 2.2 la mwaka 1999, na Alexey Kuznetsov kutoka Urusi alikuwa ameandika iproute2 ili kuutumia.

Mabadiliko kwa watumiaji yalikuja polepole. Red Hat Enterprise Linux 7 ya mwaka 2014 haikuweka net-tools katika usakinishaji wake mdogo kabisa. Debian 9 ilifuata mwaka 2017, na Ubuntu 18.04 mwaka 2018.

Kwa nini iliachwa

Uzee peke yake si sababu. Programu za net-tools huongea na kerneli kwa njia za zamani ambazo haziwezi kueleza kila kitu ambacho kerneli ya leo inakijua. Amri ya ip hutumia njia mpya iitwayo netlink.

Tofauti hiyo inaweza kumpotosha mtumiaji. Chukua kompyuta yenye anwani 192.168.1.50, kisha iongezwe anwani ya pili kwenye kiolesura kilekile:

sudo ip addr add 192.168.1.60/24 dev enp3s0

Ukiandika ifconfig utaona anwani ya kwanza tu. Ukiandika ip addr utaziona zote mbili. Fundi anayetegemea ifconfig anaweza kushinda kutwa nzima akitafuta kompyuta "nyingine" inayojibu kwa 192.168.1.60, kumbe ni hiyohiyo aliyoketi mbele yake.

Majina nayo yamebadilika. Masomo ya zamani huandika eth0 kwa kadi ya kwanza ya waya. Tangu mwaka 2013 mfumo wa systemd unazo kanuni za kutoa majina kufuatana na mahali kadi ilipo, kama enp3s0 au wlp2s0, hivyo kunakili amri yenye eth0 bila kuangalia jina halisi mara nyingi huleta kosa tu.

Kusakinisha

Anayehitaji net-tools, pengine kwa sababu ana hati za amri zilizoandikwa zamani, bado anaweza kuipata. Kwenye Debian na Ubuntu:

sudo apt update
sudo apt install net-tools

Kwenye Fedora ni sudo dnf install net-tools, na kwenye Arch Linux ni sudo pacman -S net-tools. Kifurushi ni kidogo, chini ya megabaiti 1, ila amri ya kwanza ya apt hupakua orodha za vifurushi ambazo ni kubwa zaidi. Anayetumia bando la simu alikumbuke hilo.

Shida ni pale mtandao wenyewe unapokuwa ndio ulioharibika, kwa maana apt haiwezi kufika popote. Kwa kawaida jibu ni kutumia ip, ambayo tayari ipo. Kama net-tools inatakiwa kwa lazima, faili lake la .deb linaweza kupakuliwa kwenye kompyuta nyingine, likabebwa kwa flashi na kusakinishwa kwa sudo dpkg -i likifuatiwa na jina la faili. Faili lazima lilingane na distro na aina ya prosesa: la amd64 halitasakinika kwenye Raspberry Pi.

Wakati mwingine ujumbe wa kutopatikana hutokea ingawa programu imo. Kwenye Debian, ifconfig hukaa katika saraka ya /sbin, ambayo haimo katika njia ya utafutaji ya mtumiaji wa kawaida. Jaribu kuandika /sbin/ifconfig kabla ya kusakinisha chochote.

Kutumia

Aliyezoea amri za zamani atapata karibu zote katika mpya. Badala ya ifconfig kuna ip addr, badala ya route kuna ip route, badala ya arp kuna ip neigh, na badala ya netstat kuna ss. Kwa muhtasari unaosomeka haraka, ip -br addr huonyesha kila kiolesura kwa mstari mmoja.

Intaneti inapokatika, mpangilio wa kuuliza una maana kubwa kuliko wingi wa amri. Anza karibu, kisha sogea mbali. Amri ya ip link ikionyesha NO-CARRIER kwenye kadi ya waya, kadi haipati mawimbi: angalia waya, au kifaa cha upande wa pili. Waya ukiwa mzima, ip addr itaonyesha kama kompyuta imepata anwani. Kisha ip route inapaswa kuwa na mstari unaoanza na default via, ukifuatiwa na anwani ya ruta. Jaribu ruta hiyo:

ping -c 4 192.168.1.1

Bila -c 4, ping ya Linux huendelea mpaka ubonyeze Ctrl na C. Ruta ikijibu, jaribu anwani ya mbali kama 8.8.8.8, halafu jina kama wikipedia.org. Anwani ikijibu lakini jina likashindikana, tatizo liko katika DNS, yaani huduma inayogeuza majina kuwa anwani, na kupiga kelele kwa kampuni ya intaneti kuhusu waya hakutasaidia. Kumbuka pia kwamba seva nyingine zimepangwa zisijibu ping hata zikiwa nzima.

Amri ya ss ina kazi nyingine muhimu: usalama. Sudo ss -tlnp huorodhesha programu zinazosubiri kuunganishwa kwa itifaki ya TCP. Hifadhidata ya MySQL ikionekana kwenye 127.0.0.1:3306, inapokea maombi ya kompyuta hiyohiyo pekee. Ikionekana kwenye 0.0.0.0:3306, inasikiliza kwenye anwani zote za IPv4 za kompyuta, na kama hakuna kinga njiani, mtu wa nje anaweza kubisha hodi.

Tahadhari

Mabadiliko yanayofanywa kwa ifconfig au ip hupotea kompyuta inapowashwa upya. Ya kudumu huandikwa kwingine: Netplan kwenye seva za Ubuntu, /etc/network/interfaces kwenye Debian, au NetworkManager kwenye kompyuta nyingi za mezani.

Kupotea huko kunaweza kuwa msaada. Anayeongoza seva ya mbali kwa SSH akizima kiolesura kwa sudo ip link set enp3s0 down, anakata tawi alilokalia. Hawezi tena kuingia ili akiwashe. Kabla ya jaribio la aina hiyo, wasimamizi wengine huandika sudo shutdown -r +10, yaani seva ijiwashe upya baada ya dakika 10. Jaribio likienda vibaya, seva itarudi na usanidi wake wa awali. Likienda vizuri, agizo hilo hufutwa kwa sudo shutdown -c.